Nilitoa mkojo wangu ndio dada yangu apite kwa utafiti wa dawa, Migori

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni msomaji wa kimya hapa, miaka nasoma nyuzi za watu na kucheka peke yangu. Leo nimeleta yangu na haichekeshi. Nitaandika vile ilikuwa, hata pale nitaonekana mjinga. Ukitaka kunitukana, ngoja nimalize kwanza.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisegi, Suba South. Niliolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi kwa Mama na watoto wangu wawili. Nyumbani nilimkuta mdogo wangu, Atieno.

Atieno alizaliwa na sickle cell. Kama hujawahi kuishi na mtu mwenye huo ugonjwa, wacha nikwambie. Mifupa inauma mpaka mtu mzima analia kama mtoto, halafu kesho anaamka anaulizia chai. Shule aliacha form three kwa sababu kila muhula alikuwa anaumalizia wodini. Nimemkanda na maji moto miaka mingi, naujua mgongo wake kuliko cherehani yangu.

Alikuwa na miaka ishirini na nne, na alitaka kitu kimoja tu. Mwaka mmoja bila kulazwa. Hakuwa anaomba makubwa.

Habari ya huo utafiti, study, ililetwa na Min Ouma, yaani mama yake Ouma. Ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, wale wanazunguka boma kwa boma na begi mgongoni. Tunasali naye Sabato. Alisema kuna hospitali Migori inatafuta watu wa sickle cell wa kujaribu dawa ya kupunguza maumivu.

"Siwaambii mkubali," alisema. "Nawaambia mwende mkasikie."

Tukaenda kusikia. Na kwa wale wenu husema study ni kuuza damu, hawa watu walituheshimu. Nesi alitusomea consent form, ile fomu ya kukubali, yote kwa Dholuo, ukurasa kwa ukurasa. Alisema dawa bado inajaribiwa. Alisema Atieno anaweza kutoka siku yoyote na hakuna mtu atamnunia.

Atieno akauliza, "Na mkinitoa nyinyi?"

Nesi akajibu, "Tukikutoa, ni kwa sababu dawa inaweza kukuumiza."

Hilo jibu liliingia sikio hili likatokea lile.

Kulikuwa na sheria moja walirudia sana. Mwanamke mwenye mimba haingii, kwa sababu dawa inaweza kudhuru mtoto tumboni. Kila visit wanapima mkojo. Tukapewa tarehe ya vipimo, wiki mbili mbele.

Siku tatu kabla ya hiyo tarehe, Atieno alinifuata nyuma ya nyumba nikianika nguo. Akaniambia hajaona mwezi wake.

Aliyempa mimba alikuwa kijana wa Mbita, fundi wa injini za boti. Alikuwa ameahidi kuja kujitambulisha kwa wazazi Disemba. Nilimuuliza Atieno kama Mama anajua. Akasema heri afe. Watu husema hivyo tu, mnajua.

"Nyamera," akaniambia, yaani dada yangu, "nikisema ukweli wananitoa. Hii nafasi ikipita haitarudi. Nisaidie."

Nilijua anaomba nini kabla amalize. Mimi tangu nitoke kwa ndoa, kipimo changu cha mimba hakina habari mpya.

Sasa kabla mnihukumu, jueni vile tumekua. Kwetu mtoto akiugua na kitabu chake cha kliniki kimepotea, unaazima cha mtoto wa jirani. Unaenda, unaitikia jina la mtoto wa jirani, unapewa dawa, unarudisha kitabu na asante. Nimefanya hivyo kwa wanangu, na vitabu vya wanangu pia vimeazimwa. Hakuna mtu aliona ni uongo. Ni ujirani. Kwa hivyo kumpa dada yangu mkojo, kwa akili yangu ya siku hiyo, hakukuwa tofauti na kumwazima sweta.

Siku ya vipimo nilimwambia nesi nyonga ya Atieno inamsumbua, wacha nimshike mpaka chooni. Akatupa kikombe kimeandikwa jina la Atieno. Tuliingia wawili. Nilijaza mimi, yeye akasimama anaangalia ukuta.

Kipimo kikasema hana mimba. Nesi akamkaribisha kwa study.

Na wakuu, alipata nafuu. Hiyo ndiyo sehemu inaniua. Wiki zikapita bila kuchemsha maji ya kumkanda. Mashavu yakajaa. Akarudi kwaya. Akaanza kunishinda kwa shamba, mtu ambaye zamani alikuwa anabeba ndoo nusu. Nilimshonea madera mapana nikajiambia tutavuka tu. Kila visit tulirudia mchezo ule ule, na nilikuwa nimeacha hata kuogopa.

Mimba ilipofika kama miezi mitano, Ijumaa mchana, alianguka shambani akiwa anavuja damu. Mama alibaki na watoto, mimi nikamkimbiza hospitali Homa Bay.

Ni mimi nilichagua Homa Bay. Migori wangetujua. Kwa mkoba wake kulikuwa na kadi ya study yenye namba ya kupiga saa yoyote ukiugua. Nilikuwa nimeishika hiyo kadi mkononi wakati daktari aliniuliza, "Kuna dawa yoyote anatumia?"

Nikasema hakuna.

Nani angemshuku dada wa tumbo moja? Aliandika nilichosema na akamtibu kwa nilichosema.

Kesho yake asubuhi mtoto alitoka hana uhai. Msichana. Atieno akashikwa na crisis, yale maumivu ya sickle cell, ambayo sijawahi kuona, kifua kikaanza kukataa hewa. Hapo ndipo nilitoa kadi. Daktari hakunigombeza. Aliichukua akapiga simu mwenyewe, na daktari wa study akatoka Migori na gari saa hiyo hiyo.

Alifika mchana. Atieno alikuwa ametuacha kama saa moja iliyopita.

Nilimwambia yote tukiwa tumesimama nje ya wodi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna mtu atakwambia kwa hakika kama ni dawa, ni sickle cell ama ni mimba," akasema. "Lakini mngetuambia, hatungemwacha. Tungempeleka kliniki ya wajawazito na tungemfuata mpaka ajifungue."

Miezi yote hiyo mimi nilidhani kutolewa ni kufukuzwa.

Alisema yeye lazima aandike ripoti ya ukweli, lakini mambo ya kumwambia Mama aliniachia mimi. Nyumbani nikasema ni sickle cell imemshinda. Tulimzika nje ya ua, kwa sababu kwetu msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Kijana wa Mbita alikuja akasimama mbali, akaenda bila kusalimia mtu.

Kwa matanga watu wakaanza kusema yao. Ati dawa ya Migori ndiyo imemuua. Min Ouma alikuja na mfuko wa unga kichwani kama mama yeyote anayekuja kulia na wenzake. Mjomba wangu akamzuia getini, mbele ya watu. "Wewe ndiye ulileta hawa watu wa kuua," akamwambia. Min Ouma akageuka na unga wake.

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Nilinyamaza. Aibu yangu kubwa ni hapo, kuliko hata chooni.

Min Ouma akaacha kuzunguka, akarudisha begi. Jirani yetu, ambaye msichana wake mdogo ana sickle cell na alikuwa anatibiwa hospitali hiyo hiyo ya Migori, akamtoa kwa hofu. Wiki jana nilikuwa nashona nikasikia huyo mtoto analia. Kilio cha mifupa nakijua, nimekaa nacho miaka. Nikazima cherehani nikaenda kwa Mama.

Nilimwambia kila kitu. Kikombe, kadi, Homa Bay, getini. Mama alikuwa anachambua omena. Hakuacha kuchambua.

Nilipomaliza alisema, "Mimba niliijua ikiwa ya miezi miwili. Mimi nimezaa watoto saba, nani angenificha? Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe, nisimwaibishe." Akachukua omena nyingine. "Hakuna mtu aliniambia hiyo dawa haitaki mimba. Ningejua, ningesema siku hiyo hiyo."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Hiyo methali niliiandika kwa insha class six nikapewa tiki. Nyumba moja, wanawake watatu, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kimoja kwa sababu ya upendo.

Kesho yake, Jumanne, Mama alivaa nguo ya kanisa akaenda kwa Min Ouma. Walikaa mpaka jua likawa kali. Jioni wote wawili walienda kwa yule jirani mwenye mtoto. Mimi sikuitwa, na sikustahili kuitwa. Mtoto amepelekwa Migori jana.

Kwa hivyo wakuu, kama uko kwa study ama unatafuta moja, enda. Uliza maswali yote, hata ya kijinga. Lakini usiwaambie uongo. Wakikwambia hufai, waulize basi nitasaidiwa wapi, kwa sababu hilo swali lina jibu na mimi sikuliuliza. Na ukienda hospitali nyingine, toa hiyo kadi kabla hujakaa chini.

Matusi yenu nitayasoma yote. Ila nina swali moja naomba mnisaidie, hasa kama uko kazi ya hospitali.

Siku ile Mama nilimwambia yote, aliponiona nainuka aliniuliza, "Na mtoto mlimlaza wapi?"

Nilisaini karatasi nikawaachia hospitali yule msichana wa Atieno, kwa sababu ningemleta nyumbani ningeulizwa. Sasa ni miezi mitano. Kama kuna mtu anajua watoto kama hao huwekwa wapi, na kama bado naweza kwenda kuuliza, tafadhali andika hapa chini. Mama ananiuliza kila asubuhi.