Kofia ya Arvo na Goli la Tatu

Nilivua kofia ya marehemu mume wangu nikairusha kwenye barafu, ukumbi mzima ukishangilia, kwa ajili ya goli la kijana mmoja. Dakika chache baadaye tukaambiwa goli lile si lake.

Niacheni nieleze taratibu.

Naitwa Lempi. Natoka Hancock, kule juu kabisa kaskazini mwa Michigan. Mume wangu Arvo alifariki Oktoba. Alikuwa anapasua kuni, akakaa chini kupumzika, moyo ukasimama.

Sikulia.

Siku ya mazishi watu walinitazama usoni kama wanaosubiri mvua. Wapi. Niligawa kahawa, nikaosha vikombe, nikaenda kulala. Baada ya hapo siku zikawa zinapita tu. Mwili unatembea, ndani ganzi tupu.

Dada zangu wakaanza kunong'ona kwamba labda sikumpenda. Nami nikaanza kuogopa kwamba wanasema kweli.

Sasa, kwetu mwaka hauishi bila Kombe. Vyuo vinne vinakutana Detroit baada ya Krismasi, vinacheza hoki ya barafu siku mbili, ile ya kuteleza na kugombea kisahani kwa magongo, na chuo chetu ni kimojawapo. Chuo kidogo, mji mdogo, lakini siku hizo mbili na sisi tunakuwa watu. Wiki ile hakuna anayethubutu kupanga harusi. Yetu ilikuwa imepangwa, ikabidi isogezwe, maana mchungaji mwenyewe alikuwa na tiketi.

Halafu kuna mila ya kofia. Mchezaji akifunga magoli matatu kwenye mechi moja, mashabiki wanavua kofia zao na kuzirusha uwanjani.

Arvo alikuwa na kepu nyeusi aliyoivaa tangu tukiwa wachumba. Aliniapia kwamba ataitupa siku kijana wa chuo chetu atakapofunga matatu kwenye Kombe. Si kabla, na si kwa mwingine. Kila mwaka alikwenda nayo, kila mwaka akarudi nayo. Nilikuwa nikiwatambia wanawake wenzangu kwamba wangu akisema, amesema.

Alikuwa ameshakata tiketi kabla hajafa. Mdogo wake, shemeji yangu Waino, akaja na gari, akaniambia twende. Nikavaa ile kepu, nikaenda. Angeniambia twende tukachimbe kisima ningekwenda vilevile.

Fainali tukakutana na mahasimu wetu wa kusini, wale wa jezi za zambarau. Mbele yetu alikaa shabiki wao mmoja, kijana mnene mwenye mdomo. Akageuka kunitazama.

"Mama, hiyo kofia umeifukua wapi?"

"Ina umri mkubwa kuliko kombe lenu la mwisho," Waino akamjibu. "Tazama mbele wewe, kisahani kisikupasue pua."

Mechi ikaanza. Brodie Sarvela, kijana wa mtaa wa pili na kwetu, akafunga. Akafunga tena. Watu wetu wakasimama na hawakukaa tena. Mimi nilisimama kwa sababu wote walisimama.

Dakika za mwisho, mbili kwa mbili, Brodie akachapa kisahani kutoka mbali, kikapita katikati ya msitu wa miguu, kikazama wavuni.

Kofia zikaanza kuruka. Mkono wangu ukapanda wenyewe, ukaivua kepu, ukaitupa. Niliiona inazunguka hewani hadi inatua. Nikasubiri machozi. Hayakuja.

Ndipo mtangazaji akasema kwamba wameangalia picha upya. Kisahani kiligusa gongo la mwenzake Brodie aliyekuwa mbele ya kipa, kwa hiyo goli limeandikwa la mwenzake. Brodie ana mawili.

Yule wa zambarau akacheka hadi akakohoa. Alikuwa amefungwa, lakini alikuwa amepata cha kucheka.

Tulichukua Kombe. Watu wazima walikumbatiana wakilia. Mimi nilichosikia ni baridi kichwani. Kitu pekee kilichokuwa bado na harufu ya Arvo nilikuwa nimekitupa, tena bure.

Tukashuka hadi kwenye ujia wa nyuma. Mwanamke mmoja mlinzi akatuonyesha mapipa na kusema kofia zote zimo humo, mwenye yake atafute, zitakazobaki wanapewa maskini. Nikapiga magoti, nikaanza kuchakura. Zote zilikuwa zimelowa, na nusu yake zilikuwa nyeusi.

Waino alisimama pembeni, haangalii mapipa wala mimi. Nilipofika pipa la pili akaniita.

"Shem, acha."

"Siachi. Amesubiri maisha yake yote kuitupa, mimi nimemtupia bure."

"Hakusubiri."

Nikageuka.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Waino akaanza kunisimulia mambo ya mwaka ule niliobaki nyumbani kuuguza mtoto mwenye surua. Kijana wa zambarau alitufunga matatu. La tatu alilipiga amegeuza mgongo, kisahani kikipita katikati ya miguu yake mwenyewe. Na Arvo, katikati ya watu wetu, akasimama, akavua kepu, akairusha.

"Kwa zambarau?"

"Kwa zambarau, shem. Watu walimtazama kama mtu aliyejisaidia kanisani. Nikamuuliza, kaka, una wazimu? Akaniambia, kwani wewe hukuliona lile goli?"

Baadaye akili zikamrudi, akasema, "Lempi ataniua." Wakaitafuta kofia, wasiipate. Akanunua nyingine nje ya ukumbi, mpya kabisa. Wakaifunga nyuma ya gari kwa kamba na kuiburuta barabarani hadi kwenye daraja kubwa la njiani, ili ichakae.

Naikumbuka siku aliyorudi. Niliifua kepu ile kwa mikono yangu, nikamwambia aitunze, hii ni ya tangu uchumba wetu. Akaniitikia, "Ndiyo, mke wangu."

Kitu kikanipanda. Zilikuwa hasira, na zilikuwa za kwanza tangu Oktoba.

"Mwongo mkubwa wewe," nikasema kwa sauti.

Yule mlinzi akamtazama Waino vibaya sana.

Kofia niliiacha pale pale. Asubuhi yake tukashika barabara ya nyumbani, na njia nzima niligombana na Arvo. Nilimkumbusha kila alichowahi kuniapia, nikataka kujua kipi kilikuwa kweli. Waino aliendesha tu. Tulipofika kwenye lile daraja kubwa nilikuwa napiga kelele, "Kwa zambarau, Arvo? Hata aibu huna?" Sauti ikakatika hapo hapo, na machozi yakaja. Nililia hadi tukaingia Hancock.

Nilikuwa najilazimisha kumlilia mwanaume wa neno moja, asiyeyumba. Huyo nilimtunga mwenyewe. Aliyekufa ni yule mwingine, aliyeshindwa kukaa kitini mbele ya goli zuri, kisha akaburuta kofia barabarani kwa kuniogopa.

Kama una maiti wako na machozi yamegoma, waulize waliokuwa wakitembea naye. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nasema asemwe, angalau kidogo, ndipo utakapojua umempoteza nani.