Kikohozi cha Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta ya kazini, dada yangu alibandika plasta juu ya kamera. Aliandika programu akiwa nyumbani, na kazi hiyo ndiyo ilitulisha.

"Hizi app natengeneza mwenyewe, mdogo wangu. Ndiyo maana siziamini."

Siku moja bosi wake akamuuliza kwenye skrini, "Mama kikohozi kimepungua?"

Dada akaizima kompyuta, akanigeukia. "Umemwambia wewe?"

"Mimi? Namjulia wapi?"

Mama akadakia kutoka chumbani, "Mwambie bado! Na dawa alete yeye!"

Dada hakucheka. Plasta iliziba jicho la kompyuta tu, masikio yake tuliyaacha wazi. Akaibeba kompyuta mpaka ofisini, akaiweka mbele ya bosi, akatoka. Hajakanyaga tena pale.