Jogoo Mweupe na Kimbunga

Juzi jirani alinionyesha kimbunga kwenye simu yake. Kinazunguka baharini kama chapati, kinapanda kaskazini kuja pwani ya Mtwara. Nikacheka, maana nilimkumbuka bibi yangu kule Newala, wakati wa vita ya Msumbiji.

Mchana ule redio ya balozi wa nyumba kumi ilitangaza kwamba kimbunga kinatoka kusini. Mimi nilijua kitu kimoja tu kinachotoka kusini kwa kupita angani, ndege za Wareno. Bibi naye hivyo hivyo. Ndege zikija, cheupe hakiachwi nje, maana rubani hukiona toka juu. Basi akazima moto, akaanua nguo, akamkamata jogoo wake mweupe.

"Mume wangu, vua shati la shule! Unataka kituone, kiing'oe nyumba yangu?"

"Bibi, kwani kimbunga kina macho?"

"Utakiuliza kikifika. Ingia handakini!"

Handaki, tulilolichimba kujificha ndege hizo, lilinuka udongo na kuku, nami nilikuwa na raha kama niko ngomani. Upepo ukavuma, mikorosho ikalia, mvua ikamwagika. Maji yakatufika kiunoni. Jogoo akampanda bibi kichwani, akawika.

Jioni balozi akatukuta tunachuruzika.

"Mama Fatu, mnaoga humo? Redio imesema kimbunga kimegeukia baharini!"

Bibi akalitazama paa lake la nyasi, liko vilevile.

"Si nilisema? Hakijatuona."

Siku hizi najua kimbunga hakina macho. Lakini juzi, nilipomrudishia jirani simu yake, nilikwenda moja kwa moja kambani kuanua mashuka meupe.