Marando ya Nyuma ya Bafu

Enzi zetu kule Kishapu, kiangazi kilipokaza, kila nyumba ilibaki na kitu kimoja tu cha kijani, nacho kilikuwa nyuma ya bafu. Mliokulia huko mnakijua. Bafu lenyewe lilikuwa la mabua ya mtama, na maji ya kuoga yalipita chini ya mabua yakaangukia kwenye kibustani cha marando ya viazi vitamu. Shamba lote limekauka, ng'ombe wanalamba vumbi, lakini pale majani yamesimama. Ndiyo ilikuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Mvua ikija unayakata, unayachomeka kwenye matuta, basi. Kwa hiyo hatukuambiwa tukaoge kwa sababu ya uchafu tu. Mama alikuwa anasema, "Kaogeni, viazi vina kiu." Sijui kama nyumba nyingine walisema hivyo. Kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Viazi vya mama vilikuwa vyekundu nje, njano ndani, jani limepasuka kama mguu wa kuku. Tulivikata vipande, vikaanikwa juu ya mwamba, vikawa michembe, na michembe ikaenda nasi shuleni mifukoni. Mwalimu akigeukia ubao, darasa zima linatafuna. Watoto wa siku hizi wananunua vitu vya kwenye mifuko inayopiga kelele, hawawezi kumficha mwalimu hata mmoja. Sisi tulilowesha mchembe kwa mate kwanza, ukalainika, hausikiki. Sisemi ilikuwa tabia nzuri.

Tena marando hayakuuzwa, wala hayakushukuriwa. Jirani akija kuomba, anakata, anajitwisha mzigo, anageuka na kwenda zake kimya, na mama hamtazami, utadhani wamegombana. "Ukisema asante yananyauka," alituambia. Sina hakika kama ni kweli. Sijawahi kujaribu.

Nilipokuwa darasa la nne mama alikwenda kumuuguza dada yake, akaniachia kazi moja: kuwazuia mbuzi wasifike nyuma ya bafu. Mimi nikaenda kucheza rede. Niliporudi mbuzi walikuwa wametafuna mpaka udongoni, vimebaki visiki vya urefu wa kidole. Nikalia kidogo, kisha nikachungulia kwa jirani yetu, Mama Kulwa, mama wa mapacha. Alikuwa kisimani. Marando yake nayo yalikuwa ya mguu wa kuku. Nikakata ya kujaa mkono mzima, nikachomeka palepale kati ya visiki, nikayanywesha maji ya mtungini.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Akasimama akayatazama. "Mbona yamepungua?"

"Jua, Mayu," nikasema, maana mama kwetu tunamwita hivyo.

Lakini lililonichanganya tangu siku ile ni kwamba hata vile visiki vilichipua. Kwa hiyo tulichovuna mwaka ule sikukijua: chetu, cha Mama Kulwa, au vyote viwili vimelala tuta moja.

Nilipoolewa huku Geita nilikuja na marando hayo, nimeyafunga kwenye kanga yenye maji. Mume wangu akishinda Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu, mimi nyumbani nachimba viazi. Sikulifikiria tena jambo lile, mpaka mwaka huu mama aliponipigia simu. Ukame umemaliza marando yake yote, na yeye amezeeka, chakula hakipiti. "Minza, niletee viazi vyangu," akasema. "Vile alivyonipa mama yangu siku naolewa. Nataka nivione vimeota tena kabla sijaondoka."

Habari ya bibi nilikuwa siijui. Nikaishika ile simu kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.

Nikamuuliza binti yangu Neema, yuko kidato cha pili, kama marando yakikaa miaka mingi hayabadiliki yakawa ya nyumba yalipopandwa. Akacheka. "Mama, rando si mtoto wa kiazi. Ni kiazi chenyewe. Hapo hakuna baba, hakuna mama. Ukikata kipande kikaota, ni mmea uleule umeendelea kuishi."

"Hata tangu enzi za bibi yangu?"

"Hata enzi za bibi yake bibi."

Kisha akalipiga picha jani ili simu imwambie ni aina gani. Simu ikasema ni ua la kupamba kibarazani. Ndiyo elimu ya siku hizi. Lakini la kwanza nadhani alisema kweli, na ndilo lililoninyima raha. Maana kumbe nyuma ya nyumba yangu kuna ama mmea uleule alioushika bibi kwa mkono wake, ama ule niliouiba, na macho yangu hayawezi kuutofautisha.

Nilipanda basi na gunia bichi la marando miguuni. Nilipofika sikutaka mama ayaguse kabla sijasema.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Yako wapi?"

Nikamweleza yote, rede, mbuzi, na mkono mzima wa marando. Akapapasa jani.

"Mama Kulwa alipohamia pale hakuwa na marando," akasema. "Nilimpa mimi." Akafikiri tena. "Au ni ule mwaka yangu yalipoungua, nikaenda mimi kwake. Mmoja wetu alimpa mwenzake."

"Nani, Mayu?"

"Nitajuaje? Hatukushukuriana." Akaniangalia. "Na wewe uliiba?"

"Niliiba."

"Ndiyo maana yakashika. Mwizi naye hasemi asante."

Nilicheka, lakini sikupona. Naona haki ni haki, hata kama mmea ni mmoja. Nikaligawa gunia sawasawa, nusu nikampelekea Mama Kulwa, maana na yake yamekufa. Nikamwambia, "Haya ni yako. Niliyakata kwako nikiwa darasa la nne, hukuwepo." Akayapokea, akageuza jani moja upande wa chini, akanipa mgongo, akaingia ndani. Hakusema neno.

Mpaka leo sijui kama alikuwa analinda marando au alikuwa na hasira, au alijua siku zote. Watoto wetu wanashukuru kwa kila kitu, wanatumiana vipicha vya viganja vilivyounganishwa kwenye simu kutwa nzima, na angalau mtu anajua amesimama wapi. Sisi tulikuwa tunasubiri mvua ndipo tuone tumesamehewa au la.

Juzi mama amepiga. "Yameshika," akasema. "Kwangu na kwa Mama Kulwa."

Neno lilinifika mdomoni. Nikalimeza.