Neno la Papa

Fundi jirani akipasua mbao, harufu ile mbichi hunifanya nijizibe mdomo hadi leo.

Papa, baba yetu, mwalimu wa Kiingereza, alituchongea mimi na mdogo wangu herufi za mbao za kuchezea. Sheria yake ilikuwa moja: ukipanga neno, useme maana yake kwa sauti. Mchana mmoja risasi zililia upande wa daraja la mto Tshopo, nasi tukacheza tukiwa tumelala sakafuni. Papa akaanza kupanga OBMUTESCENCE, akabakiza E ya mwisho mkononi.

«Papa, ile neno iko na maana gani?»

Viatu vizito vikasimama mlangoni. Papa akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka mbao, ile herufi ikinichoma shavu.

Viatu vilipoondoka, Papa akaiweka herufi yake ya mwisho, akanong'ona:

«Kunyamaza. Njo maana yake.»