Jongoo na Mti Wake

Juzi, kwenye duka la pembejeo pale Somanda, mwalimu mmoja mgeni aliweka ndoo ya plastiki juu ya kaunta. Ndani alikuwa amejikunja jongoo mnene.

"Dawa ya kumuua ipo," muuzaji akasema.

"Kumuua? Namfuga ndani! Leo siku ya tatu hali chochote."

Mkulima aliyekuja kununua dawa ya pamba akachungulia. Ndoo ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Mayu," akamwita mwalimu, kama Wasukuma wamwitavyo mama, "udongo wake wenye unyevu uko wapi? Majani makavu? Mti uliooza?"

"Nilitupa. Nilitaka akae pasafi."

"Si ndiyo chakula chake hicho! Watu husema tupa jongoo na mti wake. Wewe umetupa mti, ukabaki na jongoo."

Duka zima lilicheka, mwalimu kuliko wote, kisha akatoka kuokota vipande vya mti uliooza.

Mimi, niliyekuwa nasubiri zamu yangu, nilicheka nusu. Baba yangu nilimhamishia mjini kutoka Nkololo, na kigoda chake cheusi kwa moshi, alichozoea kukalia akila, nikakifungia stoo ili sebule ipendeze. Tangu hapo alikuwa analalamika chakula hakina ladha.

Nilipotoka dukani nilikirudisha kigoda sebuleni. Jioni ile aliomba ugali mara ya pili.