Gauni la Kijani Lililogeuzwa

Mtaa mzima ulimwita Rula, na aliyempa jina hilo hakukosea. Fundi yule wa nguo alisimama mlangoni pa kibanda chake wima, mabega sawasawa, mpaka wanawake wenzake wanajinyoosha bila kuambiwa.

"Rula, hebu tupe siri!" walimtania.

"Sibebi umbea kama nyie, ndiyo maana sijapinda!"

Wee, kumbe amepinda! Uti wake wa mgongo ulikwenda upande tangu utotoni; bega la kushoto lilishuka na mgongo ukatoka kulia. Lakini kila nguo yake aliikata mwenyewe. Ndani ya bitana alishonea pamba huku, sponji kule, mshono wa ubavuni akausogeza kidogo, na hakuna jicho lililogundua. Aliyejua ni mmoja tu: binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea kama wa kumzaa, wakalala chumba kimoja, na ndiye aliyemfunga shangazi yake vifungo vya mgongoni tangu vidole vyake vikiwa vidogo.

Binti akaingia chuo kusomea historia ya mavazi. Akirudi nyumbani, hakuna kupumua.

"Shangazi, vitabu vimejaa magauni ya malkia na wanawake wembamba kama njiti! Wapishi, wajawazito, wazee, watu wenye ulemavu, hao walitembea uchi? Sisi tunataka historia ya kila mwili!"

Rula alicheka mpaka machozi. Alimpenda mtoto yule, jamani, na alijivunia kila neno lake, hata yale yaliyompita juu ya kichwa.

Kwa hiyo alipoombwa na binti nguo ya maonyesho ya chuo, hakujivuta. Alitoa gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya harusi ya kaka yake, kazi aliyoipenda kuliko zote. Akaweka sharti moja.

"Walione kwa nje tu. Ukiwafungulia ndani, umenivua nguo mimi. Umenielewa, mwanangu?"

"Ah, shangazi bwana! Mimi nikufanyie hivyo?"

Akamfanyia.

Siku ya maonyesho Rula alifunga kibanda, akaenda na jirani yake, muuza viatu, mwanamke ambaye humtwisha Rula mizigo yake ya viatu bila hata kuuliza. Waliingia ukumbini wakicheka. Katikati ya ukumbi lilining'inia gauni la kijani, limegeuzwa, ndani kuwa nje: pamba hadharani, sponji hadharani. Pembeni yake limesimama sanamu jeupe, tupu, bega moja chini, mgongo umevimba upande.

"Maskini ya Mungu," jirani alinong'ona. "Huyu ni nani?"

"Simjui," alisema Rula.

Binti akaja mbio, uso unang'aa, akamshika mkono shangazi yake na kuuinua juu. "Jamani, mwenye mwili huu ndiye huyu hapa! Ndiye aliyenilea!"

Watu wakapiga makofi, tena kwa nguvu. Macho ya jirani yakatoka kwenye sanamu, yakaja kwenye bega la Rula, yakaganda hapo.

"Uliniahidi," Rula alisema.

"Lakini shangazi, kwa nje ni gauni kama magauni mengine! Maajabu yako yako ndani. Umejificha maisha yako yote, mimi nataka watu wakuone."

"Nani kajificha? Nilijivalisha. Walikuwa wananiona nilivyotaka mimi, na wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote."

Binti akauachia mkono wa shangazi yake. Hapo jirani akasogea, akauchukua mkoba mdogo kutoka mkononi mwa Rula, taratibu, akasema kwa sauti ambayo watu humsemeshea mgonjwa.

"Leta nikubebee, dada. Usije ukaumia."

"Unaona, shangazi?" binti alisema, moyo umemrudi. "Kumbe wanakujali."

Rula akauacha mkoba mikononi mwa jirani, akatoka nje bila kumuaga binti.